Usanifu Majengo Chuoni Wanafundishwa Nini? Maswali Ninayoulizwa Kila Matokeo ya Kidato cha Sita Yakitoka

Matokeo yakishatoka tu, simu yangu haipumziki. Shangazi ana mtoto kapata PCM (fizikia, kemia na hisabati), jirani ana mdogo wake anayependa kuchora, mzee wa kanisani ana mjukuu. Wote wanauliza yale yale: huko kwenye usanifu majengo mtoto anafundishwa nini hasa? Nimeona niyaandike majibu mara moja. Nazungumzia zaidi Tanzania kwa sababu ndiko nilikosoma na ndiko ninakofanyia kazi, ila aliyeko Nairobi au Kampala hatapotea.

Kwani si kuchora ramani za nyumba tu? Fundi wa mtaani kwetu anachora kwa laki mbili.

Huyo fundi huenda anachora vizuri kabisa, sibishi. Lakini ramani ni karatasi ya mwisho. Chuoni muda mwingi unakwenda kwenye yale yaliyoitangulia.

Chukua zoezi la kawaida: buni kituo cha afya cha kata. Kabla ya kuweka mstari wowote, mwanafunzi anatakiwa akakae asubuhi nzima kwenye kituo halisi, aangalie. Mama mwenye uchungu anaingilia mlango upi, na je, anapishana na mwenye kifua kikuu kwenye korido? Shuka chafu zinatokea wapi? Dawa zinashushwa na gari upande gani? Ndugu waliokuja na hotpoti za uji watakaa wapi? Maana watakaa tu, hata usipowawekea benchi. Watakalia ngazi zako na kufunga njia ya machela.

Akirudi na majibu ndipo anachora, na kila mstari ataulizwa: kwa nini uko hapo? Ukijibu "nimeona unapendeza", unarudi ukaanze upya. Ukiniuliza kozi nzima inafundisha nini, nitakwambia inafundisha kulijibu swali hilo bila kubabaika.

Masomo yenyewe ni yapi?

Somo mama ni ubunifu, na wanafunzi wenyewe huliita studio. Linameza saa nyingi kuliko mengine yote yakiwekwa pamoja. Linazungukwa na vifaa na mbinu za ujenzi, mihimili na uimara wa majengo, hali ya hewa na jengo, huduma za ndani (maji, umeme, majitaka, njia za kukimbilia moto ukizuka), historia na nadharia, mipango miji kidogo, makadirio ya gharama, halafu sheria na mikataba.

Mwaka wa kwanza ni wa kunyoosha mkono na jicho. Unapima chumba unacholala na kukichora kwa skeli ya 1:50, yaani sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 50 za chumba. Unajifunza kukata jengo kama mtu anayekata mkate ili uone ndani. Mchoro huo tunauita mkato, na ndio unaofichua uongo wote wa ramani. Unajifunza vipimo vya mwili wa mtu: meza ya jikoni iwe na urefu gani ili mama asipinde mgongo, kiti cha magurudumu kinahitaji duara la mita 1.5 ili kigeuke, na mteremko wa kukipandisha usizidi mita 1 kwenda juu kwa kila mita 12 za kwenda mbele.

Halafu ngazi. Kanuni ya ngazi ni ya zamani sana: kimo cha kipandio mara mbili, ujumlishe na upana wa pa kukanyaga, upate kati ya milimita 600 na 640. Kimo cha 170 na upana wa 280 vinatoa 620, mguu unapanda bila kufikiri. Sasa piga hesabu: ghorofa yenye kimo cha mita 3.06 inataka vipandio 18 vya namna hiyo, na ngazi iliyonyooka itakula karibu mita 4.8 za urefu. Wengi wetu mwaka wa kwanza tulikuwa tumeitengea mita 2 pembeni ya sebule.

Kuanzia mwaka wa pili majengo yanakua: nyumba, shule ya msingi, maktaba, soko, jengo la ghorofa nyingi, kipande cha mtaa mzima. Mwaka wa mwisho unachagua tatizo lako mwenyewe, unaliandikia utafiti, kisha unalibunia jengo na kulitetea mbele ya watu.

Studio ni nini, na kwa nini wanafunzi wake hawalali?

Studio ni chumba chenye meza kubwa ambamo kila mwanafunzi ana kona yake, karatasi zimebandikwa ukutani, na sakafuni kuna vipande vya maboksi. Mhadhiri hasimami mbele kufundisha. Anapita meza kwa meza, anakaa na wewe, anachukua penseli, anakuuliza. Wiki inayofuata anarudi kuona umefanya nini na maneno yake.

Mwisho wa zoezi kuna juri. Unabandika michoro yako, unaweka modeli yako ya maboksi mezani, unasimama mbele ya wahadhiri na wageni, na darasa zima likisikiliza. Unaeleza dakika chache, halafu wanaanza. Wapo wanaouliza kwa upole. Wapo wasio na upole.

Juri yangu ya kwanza nilileta nyumba ya ghorofa moja niliyoichora kwa wino siku tatu bila kulala. Niliipenda ile kazi. Mgeni mmoja, mzee mwenye miwani, aliitazama kimya, akaweka kidole kwenye mkato, akasema, "Kijana, hebu mpandishe mama yako ngazi hii." Nikampandisha kwa kalamu, kipandio kwa kipandio. Kwenye cha kumi na moja kichwa cha mama kiligonga bimu. Darasa likacheka, nami nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya jengo nikalia kidogo. Tangu siku hiyo sijachora ngazi bila kumpandisha mama.

Sasa hilo la kutolala. Kuna watu wanalisifia kana kwamba ni medali. Mimi naliona ni ugonjwa wa kozi hii, si sifa yake. Kazi ya ubunifu haina mahali inaposema "nimeisha". Daima kuna ukuta unaoweza kusogezwa, kwa hiyo mwanafunzi anasogeza hadi alfajiri. Waliokuwa wakifanya vizuri darasani kwetu walikuwa wakiamua mapema na kulala. Wazazi, mkimwona mtoto ana macho mekundu mwezi wa juri, mpeni chakula, msimwulize anavuta nini.

Nasikia mnasoma jua na upepo. Vya nini?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona fedha nyingi za Watanzania zinapotea.

Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini ya ikweta. Maana yake ni kwamba jua la mchana haliko upande mmoja mwaka mzima. Mwezi Juni linapita upande wa kaskazini, nyuzi kama 30 kutoka utosini. Desemba linapita kusini, nyuzi kama 17. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kwenye tarehe 10 hivi ya Oktoba, linakuwa juu ya kichwa kabisa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anachora mapito hayo kwa mkono. Anagundua jambo moja zuri: ukuta unaotazama kaskazini au kusini unakingwa kirahisi sana. Paa likitokeza mita 1, jua la adhuhuri ya Juni linafunikwa kama mita 1.7 kwenda chini ya ukuta wa kaskazini. Dirisha zima liko kivulini bila shilingi ya kiyoyozi.

Ukuta wa magharibi haukingiki hivyo. Jua la saa kumi jioni linaingia likiwa limelala, linapita chini ya paa lolote. Kwa hiyo upande huo unaweka stoo, ngazi, bafu, au unapanda mti. Halafu zunguka mitaa mipya ya mji uone vyumba vya kulala vilivyopangwa upande wa magharibi vyenye vioo vikubwa. Mwenye nyumba anaingia kulala saa nne usiku, ukuta bado unamrudishia joto la jioni.

Upepo nao una majina kwetu tangu enzi za majahazi: kaskazi unaovuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na kusi unaokuja baada yake. Pwani, penye unyevu, mwili unapozwa na hewa inayopita juu ya ngozi, kwa hiyo chumba kinataka tundu la kuingilia na tundu la kutokea, ukuta mkabala. Dirisha moja halitoshi. Na hapa niseme kuhusu madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yaliyoenea kila mahali: hata ukilifungua lote, linafunguka nusu tu. Umelipia dirisha zima, umepata nusu ya hewa.

Ukihamisha nyumba ile ile Dodoma, hesabu inabadilika. Kule hewa ni kavu, mchana unachoma na usiku unapoa, kwa hiyo ukuta mnene unaochelewa kupata joto unafaa. Ukiipeleka Njombe, unatafuta jua badala ya kulikimbia. Ndiyo maana ramani iliyonunuliwa mtandaoni na kujengwa popote ni jambo linalotutia uchungu.

Msanifu na mhandisi wa ujenzi wana tofauti gani?

Msanifu anapanga jengo litumikeje, liweje, likae vipi kwenye kiwanja. Mhandisi anapiga hesabu za kulifanya lisimame, unene wa nguzo, idadi ya nondo. Mkadiriaji majenzi yeye anahesabu gharama. Ila mwanafunzi wa usanifu hafundishwi kumwachia mhandisi kila kitu. Anasoma mihimili kwa miaka kadhaa, hadi aelewe nguvu zinakopita.

Mfano rahisi: zege linavumilia sana kukandamizwa lakini likivutwa linapasuka, kwa hiyo nondo huwekwa pale panapovutwa. Bimu iliyolala juu ya nguzo mbili inavutwa upande wa chini, nondo kubwa zinakaa chini. Kibaraza kinachoning'inia nje ya ghorofa bila nguzo kinavutwa upande wa juu, nondo zinakaa juu. Fundi aliyezoea bimu akiziweka chini na kwenye kibaraza, kitakaa hadi siku watu sita wa sherehe watakapokiegemea kupiga picha.

Si hadithi za kutishana. Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo. Darasani majengo yaliyoanguka yanajadiliwa kama madaktari wanavyojadili maiti.

Historia ya majengo inamsaidia nini mtu anayetaka kujenga leo?

Nilikuwa nauliza hivyo hivyo nikisinzia kwenye somo la Warumi. Nilizinduka tulipofika pwani yetu.

Nenda Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, uingie nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, mita 2.5 hadi 3 tu kwa upana. Mtu anaweza kudhani ni mila. Tazama juu: dari imebebwa na boriti za mikoko, na mkoko mzuri haufiki mbali zaidi ya hapo bila kupinda. Mti wa baharini ndio uliopanga upana wa chumba, na chumba kikapanga maisha ya waliomo. Kuta nene za mawe na chokaa zinachelewesha joto. Uwanda wa katikati, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, unaleta mwanga na hewa. Daka (ukumbi mdogo wa mlangoni) na baraza za nje zinampokea mgeni bila kumfikisha kwa wanawake wa nyumba. Zidaka (vishubaka vya ukutani) za ndani zinapamba chumba kilicho mbali zaidi na mtaa. Kila kitu kina sababu yake. Wale mafundi wangepita juri yoyote.

Unasoma pia Kilwa Kisiwani na kasri lake la Husuni Kubwa la karne ya 14, majengo ya Wajerumani, ya Waingereza, na ya miaka ya uhuru. Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 ni kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika katika nchi hii: paa la miavuli ya zege, ubavu wazi, hewa inapita juu ya nyanya na dagaa. Lilipoungua Julai 2021, wasanifu wengi tulihisi tumefiwa. Na Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash kule Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 wakati wa ukarabati. Kutunza la zamani ni taaluma nzima, na wapo wahitimu wanaoishi kwa kazi hiyo.

Hisabati lazima?

Kwa kuingia, ndiyo, kwa kawaida wanaangalia tahasusi zenye hisabati na fizikia. Sifa kamili zimo kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na hubadilika, usome wa mwaka wako. Ukishaingia, hesabu ni za kawaida: pembe, maeneo, mizigo. Anayeshindwa kozi hii mara chache hushindwa kwa hesabu. Hushindwa kwa kuchelewa kuwasilisha.

Mwanangu hajui kuchora. Atafeli?

Hapana. Kuchora kwa usanifu kunafundishika kama mwandiko. Tena waliokuja wakiwa wachoraji hodari wa sura za watu ndio waliokuwa na shida: michoro yao ilikuwa mizuri hadi wakashindwa kuifuta.

Siku hizi si kompyuta inafanya yote? Na hii akili mnemba?

Programu zipo: AutoCAD, ArchiCAD, Revit, SketchUp. Vyuo vingi bado vinaanza na penseli, na mimi nakubaliana navyo. Kwenye skrini unaweza kukuza hadi kitasa cha mlango ukasahau kwamba chumba chenyewe hakiingii kitanda. Ukichora kwa mkono, mwili wako unakijua kipimo.

Akili mnemba inatoa picha ya nyumba nzuri kwa sekunde chache. Nimeona wanafunzi wakiileta kwenye juri. Swali likawa lile lile: choo hiki kinatoa maji yake wapi? Kimya. Haijui kwamba kiwanja chako kina mteremko, kwamba maji ya Dawasa hayajafika, kwamba jirani amechimba shimo mpakani.

Gharama?

Ada ni moja, unaiona kwenye fomu. Isiyoandikwa ndiyo inayouma: kompyuta yenye nguvu ya kuendesha programu hizo, karatasi kubwa, gundi, maboksi ya modeli, na uchapishaji wa A1 wiki ya juri, wakati foleni ya stesheneri ina watu arobaini na mashine moja imeharibika. Anayetegemea Bodi ya Mikopo ajipange mapema. Sisi tulikuwa tunaokota maboksi ya friji madukani, na modeli zetu hazikuwa mbaya.

Ni miaka mingapi, na wapi?

Chuo Kikuu Ardhi, jirani na Mlimani, Dar es Salaam, ndicho kongwe kwa kozi hii Tanzania. Kilikuwa taasisi, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, kikajitegemea 2007. Shahada ya usanifu hapo ni miaka 5. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya nacho kinafundisha. Nairobi ni miaka 6, imegawanywa 4 na 2. Makerere ni 5. Rwanda walianza kufundisha usanifu mwaka 2009, Kigali.

Mafunzo kwa vitendo wanafanya nini? Kubeba zege?

Ukipata saiti nzuri, utabeba, na itakufaa. Likizo ndefu mwanafunzi anapelekwa ofisini au saiti. Ofisini utaanza na kurekebisha michoro ya vyoo, hakuna aliyekwepa. Saiti ndiko unakoona mchoro wako unavyosomwa. Mimi nilifundishwa na fundi mkuu aliyeishia darasa la saba kwamba zege jipya lazima limwagiliwe kila siku, si likauke. Kitabu kilikuwa kimeniambia zege hupimwa nguvu yake siku ya 28. Yeye alinionyesha nguzo iliyonyimwa maji wiki ya kwanza, akaikwangua kwa msumari, ikatoka unga. Mwite "fundi", mwamkie, muulize. Kijana wa chuo anayeingia saiti na kofia safi akitoa amri hujifunza taratibu sana.

Msichana ataweza?

Wapo, na wanasajiliwa, na wanaongoza ofisi. Anachohitaji saitini ni choo, ambacho mara nyingi hakipo. Nalaumu sisi tunaopanga saiti.

Akihitimu anaitwa msanifu majengo?

Bado. Kwa sheria ya mwaka 2010 anayesajili ni AQRB, bodi ya usajili wa wasanifu na wakadiriaji majenzi. Mhitimu anaingia kwenye daftari kama mhitimu, anafanya kazi chini ya aliyesajiliwa, anaandika kumbukumbu za kazi zake, anafanya mtihani. Akishafaulu ndipo anaweza kugonga muhuri wake kwenye michoro, na kuanzia hapo jengo likileta tatizo anaitwa yeye. Kenya kazi hiyo ni ya bodi yao, BORAQS.

Kuna jambo hawakukufundisha?

Kuzungumza na mteja. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja mstaarabu sana, kiwanja chake mita 20 kwa 25, upepo mzuri wa bahari. Nikamchorea nyumba yenye uwanda katikati, vibaraza kaskazini na kusini, kila chumba kina madirisha ya ukuta mkabala. Nikamweleza jua, nikamweleza kusi na kaskazi. Akasikiliza hadi mwisho, akatoa simu, akanionyesha picha ya jumba la sijui nchi gani, vioo magharibi kutoka juu hadi chini na paa la bati jekundu lenye vichuguu saba. Nikamwuliza, kama nilivyofundishwa: kwa nini hii, mzee?

"Mama yao ameipenda," akasema.

Tulikubaliana vioo vihamie kaskazini. Bati ni jekundu hadi leo.